MAISHA YA WATU: Sandra Schmirler, Nahodha wa Mawe Juu ya Barafu

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa Maisha ya Watu nataka kuwasimulia habari za mwanamke mmoja wa nchi ya Kanada, jina lake Sandra Schmirler. Huyu hakuwa binti wa mfalme, wala mke wa mtawala, wala tajiri. Kazi yake ilikuwa katika nyumba ya mji ya kuogelea na michezo, na mchezo wake ulikuwa kutelezesha mawe juu ya barafu. Lakini alipokufa katika mwaka wa 2000, bendera za jimbo lake zilishushwa nusu mlingoti, na mazishi yake yakaonyeshwa katika televisheni kwa nchi nzima. Mtu atauliza, Je, mawe na barafu vina nini hata watu wengi walie namna ile? Swali hili ni la haki, nami nitajaribu kulijibu kwa utaratibu: kwanza nitaeleza mchezo wenyewe, kisha nitaeleza habari za mtu.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huu huitwa kalingi. Asili yake ni Uskoti, ambako watu wa zamani waliucheza juu ya maziwa na mabwawa wakati wa baridi kali, maji yalipoganda yakawa magumu kama sakafu. Huko liko jiwe moja la kuchezea lililochorwa mwaka wa 1511, ndipo twajua ya kuwa mchezo huu si wa jana wala juzi. Waskoti waliohamia ng'ambo waliuchukua pamoja nao, na katika mwaka wa 1807 chama cha wachezaji kikaanzishwa mjini Montreal. Leo wachezaji wa Kanada ni wengi kuliko wa Uskoti yenyewe.

Siku hizi watu hucheza ndani ya majumba makubwa ambamo barafu hutengenezwa kwa mitambo. Uwanja wake ni mwembamba, urefu wake mita 45 hivi, na upana hauzidi mita 5. Karibu na kila mwisho wa uwanja yamechorwa maduara, moja ndani ya jingine, nayo kwa pamoja huitwa nyumba. Jiwe ni la graniti, limechongwa likawa mviringo, nalo lina mpini juu yake wa kushikia. Uzito wake ni karibu kilo 20. Mawe yanayosifiwa kuliko yote hutoka katika Ailsa Craig, kisiwa kidogo kilicho baharini karibu na pwani ya Uskoti.

Barafu yenyewe haiachwi laini kabisa kama kioo. Hunyunyiziwa matone madogo ya maji, nayo huganda na kuwa kama vipele, na jiwe hupita juu ya vipele hivyo. Mchezaji akiuzungusha mpini kidogo wakati wa kuliachia jiwe, halitakwenda moja kwa moja, bali litapinda polepole njiani. Kwa hiyo anayelenga hatazami palipo shabaha tu; hana budi kulipeleka jiwe mahali pengine, akijua ya kuwa litapinda na kufika pale anapotaka.

Kila upande una watu wanne, na kila mtu hutupa mawe mawili. Mawe yote 16 yakiisha kutupwa, duru moja imekwisha. Ndipo huangaliwa jiwe la nani lililo karibu zaidi na kitovu cha nyumba. Upande ule ndio peke yake upatao alama, alama moja kwa kila jiwe lililo karibu kuliko jiwe bora la wapinzani. Mchezo mkubwa una duru 10. Tena, kama katika bao, si kutupa tu. Mawe mengine hutangulizwa yawe ngao, na mengine hutupwa ili kuyaondoa ya adui. Anayepanga haya yote ni nahodha. Wenzake wanapotupa, yeye husimama ng'ambo, katika nyumba, akiwaonyesha kwa ufagio wake mahali pa kulenga. Na kwa desturi mawe mawili ya mwisho ni yake.

Sasa, sikilizeni jambo hili, kwa kuwa ndilo kiini cha habari yangu. Jiwe likiisha kutoka mkononi, aliyelitupa hana nguvu tena juu yake. Halirudishwi. Laenda zake karibu mita 38, na safari hiyo huchukua sekunde 20 na zaidi. Lakini wenzake wawili hukimbia mbele ya jiwe wakifagia barafu kwa nguvu zao zote. Msuguano wa fagio huitia barafu joto kidogo, na jiwe huenda mbali zaidi wala halipindi sana. Wasipofagia, litakoma kabla ya kufika, au litapinda upesi mno. Basi mmoja hulituma jiwe, na wengine hulifikisha.

Liko na jambo jingine ambalo waalimu watalipenda. Mchezaji akiligusa kwa mguu au kwa ufagio jiwe linalokwenda, imempasa kusema mwenyewe, hata ikiwa hakuna jicho lililomwona. Desturi hii imewekwa na wachezaji tangu zamani, nao huona ni aibu kubwa zaidi kunyamaza kuliko kushindwa.

BINTI WA BIGGAR

Sandra alizaliwa tarehe 11 Juni 1963, akakulia Biggar, mji mdogo katika jimbo la Saskatchewan. Nchi ile ni tambarare, mashamba ya ngano yameenea hata upeo wa macho, na reli hupita katikati. Watu wa Biggar ni kama elfu mbili tu. Wakati wa baridi theluji hufunika mashamba kwa miezi mingi, wala hapana kazi ya kulima. Kwa sababu hii, katika miji midogo ya Saskatchewan, nyumba ya kalingi ni mahali pa kukutania wazee na vijana, wakulima na waalimu, waume kwa wake. Sandra alijifunza mchezo huo akiwa mtoto wa shule, na baadaye shule yake ya Biggar ikachukua ubingwa wa shule za jimbo naye akiwa miongoni mwa wachezaji.

Alipomaliza shule aliendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan, akapata shahada ya mafunzo ya mwili. Kisha akahamia Regina, mji mkuu wa jimbo, akapata kazi katika nyumba ya mji ya kuogelea na michezo. Msidhani ya kuwa mchezo ulimlisha. Wachezaji wa kalingi wa siku zile walikuwa na kazi zao. Walifanya mazoezi jioni, na siku za kusafiri kwenda mashindanoni waliomba ruhusa kazini kama mtu mwingine yeyote.

WATU WANNE

Karibu na mwaka wa 1990 Sandra na rafiki yake Jan Betker walikusudia kuunda timu yao wenyewe, wakawachukua Joan McCusker na Marcia Gudereit. Marcia alitupa mawe ya kwanza, Joan ya pili, Jan ya tatu, na Sandra, aliyekuwa nahodha, ya mwisho. Katika mwaka wa 1993 walikuwa mabingwa wa wanawake wa Kanada, wakapelekwa Geneva, katika nchi ya Uswisi, wakashinda ubingwa wa dunia. Mwaka uliofuata walirudia yote mawili: ubingwa wa Kanada, kisha ubingwa wa dunia katika mji wa Oberstdorf, Ujerumani. Ikapita miaka miwili wasishike taji. Wengi huvunjika moyo wakati kama huo, na timu nyingi hutawanyika, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Wao hawakutawanyika. Katika mwaka wa 1997 wakashinda tena Kanada, na tena dunia, safari hii mjini Bern, Uswisi. Mara tatu mabingwa wa dunia, na watu ni wale wale wanne.

Magazeti yalimwita Sandra malkia wa mchezo. Lakini mwenye kusoma maelezo yangu ya juu ataona ya kuwa katika mchezo huu malkia hawezi kuwa peke yake. Katika mawe manane ya upande wake, nahodha hutupa mawili tu. Yale sita hutupwa na wengine, na hata yale mawili yake hufika kwa fagio za wengine. Wahenga walisema, Kidole kimoja hakivunji chawa.

JIWE LA BRANDON

Sasa ilikuwa imeamuliwa ya kuwa kalingi itakuwa mchezo wa kupewa nishani katika Olimpiki ya wakati wa baridi ya mwaka wa 1998, huko Japani. Wanaume walikuwa wamecheza katika Olimpiki mwaka wa 1924 mjini Chamonix. Wanawake walikuwa hawajapewa nishani kwa mchezo huu hata mara moja. Kanada ina timu nyingi hodari, kwa hiyo ilibidi zishindane kwanza ili kuchagua moja. Mashindano hayo yalifanywa katika mji wa Brandon, jimbo la Manitoba, mwezi wa Novemba 1997.

Mwezi wa Septemba mwaka ule Sandra alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, binti. Fanyeni hesabu, mtaona ya kuwa alipokuwa akishinda kule Bern katika Aprili alikuwa tayari ni mja mzito. Na alipofika Brandon mtoto alikuwa hajatimiza miezi mitatu. Kina mama mnaosoma habari hii mwajua vema hali ya mwili na ya usingizi katika miezi hiyo. Najua tena ya kuwa katika nyumba nyingi wako watakaosema, Mwanamke huyu angebaki kwake alee mtoto. Na wako watakaojibu, Kwani baba wa mtoto hana mikono? Mabishano hayo nawaachia ninyi barazani. Mimi nasema tu ya kuwa Sandra hakuacha moja akashika jingine, na tutaona mbele lipi aliliweka juu.

Katika mchezo wa mwisho walipambana na timu ya Shannon Kleibrink. Duru ya saba, jiwe la wapinzani lilikuwa limekaa vizuri katikati ya nyumba, na njia ya kulifikia moja kwa moja ilikuwa imezibwa na mawe mengine. Nahodha mwoga angeridhika na kidogo. Sandra alichagua njia ya kuzunguka: alilituma jiwe lake likagonge jiwe jingine lililokuwa pembeni, kusudi liruke kwa ndani na kulipiga lile la katikati. Mwenye kujua bao au kete ataelewa ugumu wake. Kukosea upana wa kidole kungeharibu yote. Jiwe likagonga, likaruka, likamwondoa adui, na alama tatu zikawa zao. Wakashinda mchezo kwa 9 kwa 6. Hata leo wapenzi wa kalingi wa Kanada wakisema "jiwe lile la Brandon" wote hufahamu.

NISHANI YA KWANZA

Michezo ya Olimpiki ya 1998 ilifanywa Nagano, na kalingi ikachezwa katika mji wa Karuizawa. Nchi 8 zilishindana kwa upande wa wanawake. Katika michezo 7 ya kwanza Kanada ilishinda 6 na kushindwa 1. Katika nusu fainali walikutana na Uingereza, nahodha wao Kirsty Hay, na duru 10 hazikutosha kuwatenga. Ilibidi kuongeza duru moja, ndipo Kanada wakapita kwa 6 kwa 5. Tarehe 15 Februari wakacheza na Denmark, wakashinda kwa 7 kwa 5. Hivyo wale wanne, pamoja na Atina Ford aliyekuwa mchezaji wa akiba, wakawa wanawake wa kwanza katika dunia kuvikwa nishani ya dhahabu ya Olimpiki kwa mchezo huu. Sandra alikuwa na umri wa miaka 34. Mji wa Biggar, ambao wageni wengi walikuwa wakiupita tu kwa gari moshi, sasa ukajulikana na nchi nzima.

UGONJWA

Laiti habari ingekoma hapo. Katika Juni 1999 Sandra alijifungua binti wa pili. Akaanza kusumbuliwa na maumivu ya mgongo na ya tumbo, ambayo mtu angeweza kudhani ni uchovu wa uzazi. Kumbe ilikuwa saratani. Madaktari waliigundua mwaka ule ule, naye akaanza matibabu mazito, mama mwenye mtoto mchanga mkononi na mwingine wa karibu miaka miwili sakafuni.

Mwezi wa Februari 2000, mwili wake ukiwa umedhoofika, alikwenda katika mji wa Moncton kwenye mashindano ya vijana ya Kanada, ili awe mtangazaji wa televisheni. Hapo alikaa mbele ya waandishi wa habari akawaeleza ugonjwa wake waziwazi. Miongoni mwa maneno yake alisema ya kuwa sasa amejua kwamba kushindwa katika mchezo si mwisho wa ulimwengu. Akanena juu ya jamaa yake, na hamu yake ya kuwatunza. Yule aliyetawazwa mara tatu duniani na mara moja Olimpiki, alipoulizwa la thamani, hakuitaja dhahabu kwanza.

Tarehe 2 Machi 2000 akafa mjini Regina, umri wake miaka 36. Aliacha mume na mabinti wawili. Watu waliokuwa hawajamwona kwa macho yao hata mara moja walilia kama waliofiwa na dada. Nadhani sababu si nishani. Wako mabingwa wengi ambao watu huwashangaa tu kwa mbali. Lakini huyu walimwona akifanya kazi kama wao, akizaa kama wao, akiugua kama wao. Kila nyumba iliona ya kuwa msiba ule ungaliweza kuwa wake.

YALIYOBAKI

Mwaka ule ule jina lake likaingizwa katika nyumba ya kumbukumbu ya wanamichezo wa Kanada. Biggar ina bustani yenye jina lake, na nyumba ya michezo ya Regina nayo imepewa jina lake. Lakini majina ya ukutani husahauliwa. Watu hupita wasiyasome. Lililo kubwa zaidi ni hili. Katika mwaka wa 2001 ukaanzishwa mfuko wa fedha kwa jina la Sandra Schmirler, na mfuko huo umekuwa ukiwasaidia watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya kutimiza miezi yao, na watoto wachanga wenye kuugua sana. Fedha zinazochangwa hununua vyombo vya hospitali: vitanda vya joto, mitambo ya kuwasaidia kupumua, na vinginevyo. Kila mwaka wakati wa mashindano ya wanawake ya Kanada wapenzi wa mchezo huchanga. Hivyo katika hospitali nyingi za Kanada wamo watoto waliolazwa katika vyombo vilivyonunuliwa kwa jina la mama ambaye hawatamwona.

Basi, wasomaji, twaweza kulijibu swali letu. Sandra alilituma jiwe lake vizuri, nalo likamtoka mkononi mapema kuliko alivyotaka. Hakuweza kukimbia nalo. Lakini waliobaki walishika fagio. Kazi aliyoianza, yaani kuwapenda walio wake na kuwafaa, wengine wameifagilia njia, hata imefika mbali asikoweza kufika mwenyewe katika siku zake 36 za mwaka mmoja mmoja. Hapo ndipo pana fundisho kwa nyumba zetu. Tumezoea kumsifu atupaye jiwe: mwana aliyefaulu mtihani, mwalimu aliyepandishwa cheo, binti aliyeolewa vema. Ni haki kumsifu. Lakini tuulize na hili: nani alifagia? Nani alichota maji asubuhi ili mwana awahi shule? Nani alilea mtoto ili mama yake apate kusoma? Tuwataje na hao mezani, nao wasikie wakiwa hai. Wala tusingoje mtu afe ndipo tuishike kazi yake. Yatima na mjane wa jirani wana jiwe lililokwisha kutupwa, lingali njiani, latafuta wafagiaji leo.

Waalimu wakitaka kuwaonyesha watoto mchezo huu, barafu haihitajiwi. Chora maduara kwa chaki juu ya sakafu laini ya darasa, uwape watoto vifuu vya nazi vilivyofunikwa kifudifudi, vinne upande huu na vinne upande ule, wavitelezeshe kwa zamu kutoka mlangoni. Kila mtoto na amtangulie mwenzake akimpangusia vumbi mbele ya kifuu. Na sheria ya kwanza iwe hii: aliyekigusa kifuu kwa mguu aseme mwenyewe. Mtaona kwa upesi nani anayejua kulenga, na nani anayejua kusema kweli. Na huyo wa pili mpeni sifa zaidi.